Dokumentari ya simu hapa Uganda: kabla ya kamera, amua kwanza we utasimama wapi

Watu wakinitafuta kuhusu mambo ya dokumentari swali la kwanza huwa ni lile lile, eti ninunue kamera gani, na mi huwa nawarudishia swali: mzee unayemshuti akianza kulia katikati ya stori utafanya nini? Utazima? Utaendelea kimya kama vile haupo? Ama utamwambia "pole mzee wangu" na sauti yako iingie kwenye filamu? Wengi wanabaki wananiangalia tu. Na kazi yote iko hapo, maana kila jibu linakupeleka kwenye dokumentari ya aina yake, inashutiwa kivyake, inaeditiwa kivyake, hata hela inayokula si sawa.

Basi nitapeleka huu mwongozo hatua kwa hatua, ila ntakuwa narudi nyuma kwenye historia kila mara, na sio kwa kujionyesha. Ni kwamba karibu kila aina ya dokumentari unayoiona leo ilizaliwa na shida ya vifaa ama shida ya hela ya watu wa wakati ule, na wewe hapo Nakawa ama Arua ama Mbale na simu yako yenye kioo kilichopasuka una shida zako pia, kwa hiyo ukijua wenzako walitokaje kwenye shida zao utajua wewe upitie wapi.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho: filamu ya dakika 12 kuhusu mzee mmoja wa boda ya baiskeli pale Busia.

Hatua ya 1: tafuta mtu, achana na mada

"Nataka kufanya dokumentari kuhusu usafiri Uganda." Hapana. Hiyo ni ripoti ya wizara. Mada haina uso, haichoki, haidaiwi karo. Tafuta mtu mmoja ambaye kuna kitu anakitaka wiki hii na hajui kama atakipata.

Mbona Busia? Kwa sababu neno lenyewe boda boda lilitoka mpakani kule, miaka ya 60 huko, vijana wa baiskeli walikuwa wanabeba watu na mizigo kuwavusha kile kipande cha katikati ya Uganda na Kenya, wanaita wateja "boda! boda!", yaani border hiyo hiyo, na baadaye pikipiki ikaja ikachukua jina bila hata kusema asante. Baiskeli bado zipo chache. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kikafunguliwa rasmi, siku hizi msafiri anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande mmoja, mambo ya kuvuka yakabadilika. Sasa mzee ambaye amepiga pedali hapo miaka 40 anaishije? Hayo yote kwenye filamu utayaonja kidogo kidogo kupitia kwake. Tuseme tu kwamba mzee wetu anataka kuuza baiskeli yake Jumamosi na mjukuu wake hataki. Hapo una filamu. Kama huna kitu cha namna hiyo, rudi ukakae na watu tena, bila kamera, kunywa chai, siku tatu nne. Hii hatua watu wanairuka na ndo maana filamu zao zinafanana na tangazo la NGO.

Hatua ya 2: amua utasimama wapi

Hapa ntakaa sana, nivumilie.

Mwanzo kabisa, 1895, ndugu wawili Wafaransa, akina Lumière, waliweka kamera mbele ya geti la kiwanda chao Lyon wakapiga wafanyakazi wakitoka. Filamu ya chini ya dakika moja, kamera haisogei, basi. Walifanya hivyo kwa sababu mkanda wa filamu ulikuwa unaisha, kama sekunde 50 hivi kwa mkupuo. Usidharau. Hiyo bado ni zoezi bora kuliko kozi yoyote ya mtandaoni: nenda stendi ya mabasi, weka simu kwenye stendi yake ya miguu mitatu, rekodi sekunde 50 bila kusogeza, fanya hivyo mara 20 sehemu 20 tofauti, utajua jicho lako liko wapi.

Akaja Robert Flaherty, Mmarekani, filamu yake ya 1922 kuhusu familia ya Wainuit kaskazini mwa Kanada. Huyu ndo wengi wanamuita baba wa dokumentari ndefu, lakini huyo baba alikuwa na mambo yake. Jamaa mkuu kwenye filamu aliitwa Allakariallak, yeye akamuita Nanook. Wawindaji wa pale walishajua bunduki, yeye akataka mikuki ya zamani. Nyumba ya barafu ilikuwa na giza na kamera ile haioni gizani, wakajenga nyumba nusu, upande mmoja wazi, na familia ikalala humo kwenye baridi ikijifanya imelala ndani. Waingereza nao 1936 walifanya filamu ya treni ya barua za usiku, ndani ya behewa la kupanga barua palishutiwa kwenye studio, wafanyakazi wenyewe wa posta wakaambiwa wajitikise kama treni inaenda. Kwa hiyo mtu akikwambia "dokumentari ni ukweli mtupu bila kupanga" mwambie akae chini. Neno lenyewe kwa Kiingereza linajulikana kutokana na John Grierson, Mskoti, aliyelitumia kwenye gazeti 1926, na yeye mwenyewe alikuwa anasema ni kuushughulikia uhalisia kwa ubunifu. Msimamo wangu: kumuomba mzee arudie kupanda baiskeli kwa sababu lori lilipita mbele yako, sawa. Kumuomba avae kanzu kuukuu ili aonekane maskini zaidi, huo ni wizi.

Sasa kuhusu msimulizi. Ile sauti nzito inayokueleza kila kitu wakati picha zinapita. Wengi wanadhani watengenezaji wa zamani walipenda tu, kumbe mashine za kurekodi sauti zilikuwa nzito mno kubebwa nje, kwa hiyo unapiga picha kimya kisha unaweka sauti studio. Kwetu hii aina ilikuja na mkoloni. 1935 mpaka 1937 kulikuwa na mradi wa filamu za kufundisha, makao yake Vugiri kule Tanganyika, wakatembeza filamu mpaka Uganda, na tangu 1939 kikaanzishwa kitengo cha filamu cha makoloni kutoka London, kazi yake propaganda ya vita na baadaye afya na kilimo. Wakubwa wa kitengo hicho waliamini Mwafrika haelewi picha zikikatwa haraka, eti mpaka mambo yaende polepole. Gari la sinema linafika kijijini, filamu inawashwa, na pembeni anasimama mtu anaeleza kwa lugha ya watu. Mnaona huyo mtu ni nani? Mi kila nikimfikiria namuona VJ wa kibanda cha sinema, yule anayetafsiri filamu za nje papo hapo. VJ Jingo, VJ Junior, VJ Emmie, wote hao wanafanya kazi ya msimulizi, tofauti ni kwamba VJ hakupewa karatasi na serikali, yeye anamcheka stelingi, anaongeza chumvi, anakutania wewe uliyekaa. Kwa hiyo ukitaka msimulizi kwenye filamu yako usinitafutie sauti ya taarifa ya habari ya saa mbili. Jiulize VJ angeongeaje. Mtazamaji wa Uganda sikio lake limelelewa na watu hao.

Baadaye, mwisho wa miaka ya 50 na kuingia 60, kamera za milimita 16 zikawa nyepesi na rekoda ya Nagra, aliyoitengeneza Kudelski huko Uswisi, ikawezesha mtu mmoja kubeba sauti begani. Kitu kidogo hicho kikazaa shule mbili ambazo mpaka leo zinagombana. Wamarekani, akina Robert Drew, Leacock, Pennebaker na Albert Maysles, 1960 walimfuata John F. Kennedy kwenye kampeni ya kutafuta urais Wisconsin, kamera inamfuata kwa nyuma akipenya umati, mpigapicha haulizi kitu. Nzi ukutani. Mwaka huo huo Paris, Jean Rouch, mtu ambaye alishafanya kazi miaka Niger, na mwenzake Edgar Morin, wakafanya kinyume kabisa: wanaingia kwenye filamu wenyewe, wanachokoza, watu wao wanasimamisha wapita njia kuwauliza una furaha? Kwao kamera haiwezi kujificha, basi bora ikiri kwamba ipo.

Hapa Uganda tuna mfano mkali wa hiyo ya pili. 1974 Barbet Schroeder alitoa filamu kuhusu Idi Amin, na Amin ndo alikuwa anapanga vitu vya kushutiwa, anaonyesha ndege zake, mamba, kikao cha mawaziri, hata akodiani anapiga yeye. Schroeder akaachia tu mzee ajichore mwenyewe. Amin aliposikia yaliyomo alitaka vipande vikatwe na Wafaransa waliokuwa nchini wakageuzwa mateka mpaka vikakatwa. Funzo la kiufundi pale: mtu mwenye nguvu ukimpa nafasi ya kujionyesha anasema mengi kuliko ukimuuliza. Lakini usijaribu hiyo kwa mzee wa baiskeli, yeye hana nguvu ya kujilinda, ukimwachia ajichekeshe unamdhalilisha.

Zingine kwa haraka. Kuna ya kuunganisha picha za zamani, mama mmoja Mrusi Esfir Shub alifanya hivyo 1927 kwa kukatakata futeji za enzi ya mfalme wao mpaka zikasema kitu kingine kabisa. Kuna ya kishairi, hamna stori sana, ni mdundo, Dziga Vertov na filamu yake ya maisha ya mji, 1929, aliyeediti ni mkewe Svilova ambaye watu wanamsahau. Kuna ya mimi mwenyewe, Agnès Varda mwaka 2000 na kikamera kidogo cha dijitali, anashika kamera mkono mmoja anajipiga picha mkono mwingine umezeeka, hiyo ilizaliwa siku kamera ilipokuwa rahisi na ndogo, na wewe wa simu uko ukoo huo. Na kuna ya katuni, mwaka 2021 ilitoka moja ya mkimbizi Mwafghani ambaye uso wake haukuweza kuonyeshwa, hii wafikirie sana wanaofanya kazi na waathirika wa vita kaskazini ama kwenye makazi ya wakimbizi. Mwalimu mmoja Mmarekani, Bill Nichols, alizigawa hizi zote mafungu sita, ni sawa kwa mtihani, ila filamu nyingi nzuri zinachanganya mbili tatu.

Haya, mzee wetu wa Busia. Mi ningechagua nzi ukutani kwa siku nne, halafu siku ya Jumamosi ya kuuza baiskeli niongee, niingie, nimuulize mjukuu kwa sauti yangu. Msimulizi hapana. Andika uamuzi wako sentensi moja, ubandike nyuma ya simu. Kweli, bandika.

Hatua ya 3: ruhusa

Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, kabla hujatoa hata stendi. Barua fupi, jina lako, nini unafanya, siku ngapi. Ukipiga kelele "mimi ni mwananchi nina haki" utakuwa na haki yako ndani ya seli. Mpakani ni pabaya zaidi kwa sababu kuna polisi, kuna jeshi, kuna wa kodi, kila mmoja ana ofisi yake, niliwahi kunyang'anywa simu ofisi moja ya mpakani nikiwa nashuti mbuzi, mbuzi jamani, kwa sababu nyuma ya mbuzi kulikuwa na geti. Simu ilirudi jioni, futeji haikurudi. Wageni wanaokuja kushuti wanapaswa kupitia Media Council, baraza la vyombo vya habari, ukiwa na mzungu kwenye timu hakikisha hilo limekaa sawa mapema. Droni bila kibali cha mamlaka ya anga usiguse. Mbuga za wanyama ni UWA, mamlaka ya wanyamapori, na ada yao.

Halafu ruhusa ya mzee mwenyewe, hiyo ni kubwa kuliko ya ofisi zote. Karatasi ya Kiingereza aweke dole gumba haitoshi. Mweleze kwa lugha yake, kama ni Kisamia basi Kisamia, kwamba hii kitu inaweza kufika YouTube, mkopeshaji wake ataiona, shemeji yake ataiona, na rekodi hayo maelezo na jibu lake kwenye video. Mwambie anaweza kubadili mawazo mpaka tarehe fulani. Mtoto, mzazi ndo anakubali, na mtoto mwenyewe muulize pia. Tuna sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, kwa hiyo hii sio adabu tu.

Na fasilitesheni? Watakuomba tu, ndo Uganda hii. Mi silipi mtu aongee, ila mzee akikaa na mimi siku nzima amekosa wateja, hiyo nafidia, naisema wazi tangu siku ya kwanza na haibadiliki akiongea vizuri ama vibaya.

Hatua ya 4: vifaa, na jinsi ya kuseti simu

Simu yoyote inayopiga 1080p inatosha. Hela yako peleka kwenye sauti, halafu stendi, halafu pawabanki, kwa mpangilio huo. Mtazamaji anavumilia picha yenye chenga, sauti mbovu haivumilii hata dakika mbili.

Sauti ya kimaskini inayofanya kazi: chukua simu ya pili hata ya zamani, chomeka zile iyafoni za waya zenye maiki, pitisha waya ndani ya shati la mzee, bandika maiki kifuani kwa tepu kama shibiri moja chini ya kidevu, washa rekoda, simu iingie mfukoni, iwe eropleni modi. Piga makofi mara moja mbele ya kamera kila ukianza, hilo kofi ndo litakusaidia kuoanisha sauti na picha baadaye. Ukiwa na hela kidogo nunua zile maiki ndogo zisizo na waya. Upepo? Kitambaa cha manyoya ama hata sponji. Maiki ya simu yenyewe iliyo mita tatu kutoka kwa mtu inarekodi lori, si mtu.

Seti za picha. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50 na taa nyingi za dukani zinapepesa kwa kufuata hiyo, ukishuti fremu 30 kama simu inavyotaka utaona mistari inatembea ukutani. Kama programu ya kamera ya simu yako haikuruhusu, kuna ya Blackmagic ya bure, ingawa haikubali kila simu. Funga mwanga na fokasi, usiache simu iamue, ngozi nyeusi ikiwa mbele ya ukuta mweupe simu inaona ukuta tu na mzee anakuwa kivuli. Gusa uso wake, shikilia mpaka ifunge. Usizumu kwa vidole, tembea usogee. Simu ilale, isisimame, isipokuwa filamu ni ya TikTok tangu mwanzo.

Nafasi: 1080p hula kama gigabaiti 7 au 8 kwa saa, 4K inaweza kufika 20 na zaidi, inategemea simu. Kwa siku tano za Busia mi ningeshuti 1080p na nilale usingizi.

Hatua ya 5: siku zenyewe za kushuti

Siku ya kwanza hutapata kitu. Watu wote watakuwa wanapunga mkono, watoto wataimba, mzee ataongea Kiswahili cha redio. Shuti tu, usifute mbele yao. Kufika siku ya tatu wamekuchoka, na kuchokwa ndo unachokitafuta.

Kila tukio lipige kwa mbali kidogo mahali paonekane, kwa karibu mtu na kazi yake, na kwa karibu kabisa: mnyororo, kandambili kwenye pedali, mikono ikihesabu noti. Kila picha sekunde 10 kamili bila kutikisika, hesabu kimoyomoyo. Watu wanashuti sekunde tatu halafu kwenye kuediti wanalia. Usisahau picha za kujazia ambazo hazina mtu, kiti kitupu cha nyuma cha baiskeli, foleni ya malori, mawingu. Na rekodi nusu dakika ya sauti ya mahali pasipo maongezi, kila mahali, utanikumbuka.

Kuna kitu cha kumfuata mtu: tangulia. Ukimfuata kwa nyuma siku nzima kama wale wa Kennedy utapata kisogo siku nzima. Muulize unaelekea wapi, wahi ufike kabla yake, mpokee akiingia kwenye fremu, mwache atoke.

Hatua ya 6: intavyuu

Fanya siku za mwisho. Zima redio, toa kuku, friji ya duka izimwe (weka ufunguo wako wa nyumba ndani ya friji ili usisahau kuwasha ukiondoka). Mkalishe pembeni ya mlango ama dirisha mwanga umpige ubavuni. Wewe kaa jirani kabisa na kamera, aongee na wewe na sio na simu.

Usimuulize "je ulijisikia vibaya?" atasema ndio, kimya. Muulize "siku ile baiskeli ilipoibiwa, kuanzia asubuhi ilikuwaje." Mwambie arudie swali ndani ya jibu kama huna mpango wa kutumia sauti yako. Halafu akimaliza, nyamaza. Hesabu mpaka tano. Wazee wetu wana adabu, wakiona umekaa kimya wanadhani jibu halijatosha, na ile sentensi ya pili ndo huwa dhahabu.

Na akilia? Ulishaamua hatua ya 2. Mi huwa naendelea kama mkono wake haujaenda usoni kujificha. Ukienda, nazima.

Hatua ya 7: kopi, kopi, kopi

Flaherty huyo huyo, kabla ya filamu iliyompa jina, alikuwa na futeji kibao za safari za mwanzo, akaangusha sigara kwenye negativu za naitreti, zile zinazoshika moto haraka, akiwa Toronto 1916, futi kama 30,000 zikaungua na yeye akaponea chupuchupu. Akarudi barafuni kuanza upya. Wewe huna nauli ya kurudi. Kila jioni, kabla ya kula, futeji iende sehemu mbili, laptopu na diski ya nje, na zikae mifuko miwili tofauti, kwenye taksi moja ya Kampala usizipakie pamoja. Ukipata WiFi ya mtu peleka zile za muhimu mtandaoni. Futa kwenye simu ukishafungua faili tatu nne ukaona zinacheza kweli.

Hatua ya 8: kuediti

DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa kama laptopu ina nguvu. Kama huna, CapCut kwenye simu inaweza kumaliza dakika 12 ila utateseka. Kabla ya kuingiza, futeji za simu zina ugonjwa, fremu zake haziendi kwa mwendo mmoja, sauti uliyorekodi kwenye simu ya pili inaanza sawa halafu inachelewa pole pole. Zipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, zitoke na fremu 25 zisizobadilika.

Angalia kila kitu. Kila kitu, hata kile unachojua ni kibaya, ukiwa na daftari. Kisha andika matukio kwenye vikaratasi, yabandike ukutani, uyapange hapo kabla ya kugusa mashine. Mwanzo wa filamu usiwe picha ya droni ya Busia na maelezo ya idadi ya watu. Anza na mzee anajaza upepo tairi. Swali liingie dakika ya kwanza: anauza ama hauzi?

Toleo la kwanza litatoka dakika 31 na utalipenda, likate. Toleo la pili dakika 19, likate. Kipande unachokipenda kwa sababu kilikusumbua kukipata, hicho ndo cha kutoka kwanza. Picha za zamani kama unahitaji, ulizia UBC, shirika la utangazaji la taifa, na Uganda Museum, maonyesho ya 2019 pale museum ya picha za enzi ya Amin yalitoka kwenye makumi ya maelfu ya negativu zilizokuwa zimelala UBC, yaani vitu vipo, vinahitaji mtu wa kuviuliza kwa upole na barua. Muziki usiibe, sheria ya hakimiliki ni ya 2006 na YouTube nayo haina huruma, mtafute kijana mwenye adungu, kinubi cha kwetu, mlipe, na mwandikiane.

Maandishi ya chini weka kwa kila lugha isiyo ya watazamaji wako. Mzee akichanganya Kisamia na Kiswahili cha mpakani usimsahihishe kwenye maandishi, tafsiri maana na mwendo wake.

Hatua ya 9: warudishie wenyewe waone kwanza

Rouch na Morin walipomaliza, waliwaita watu wao, wakawaonyesha, wakashuti wakibishana kuhusu walichokiona, na ubishi huo ukaingia kwenye filamu. Hiyo ni 1960, hatuna kisingizio. Machi 2012 ilitoka video ya Wamarekani ya nusu saa kuhusu Joseph Kony, mkuu wa waasi wa LRA, ikaangaliwa zaidi ya mara milioni 100 ndani ya wiki, dunia nzima inalia. Ilipoonyeshwa hadharani Lira, kwa watu ambao vita vilipita kwenye nyumba zao, watu walikasirika mpaka mawe yakarushwa na onyesho likakatika. Walikuwa wanangoja kujiona, wakamuona mwenye filamu na mtoto wake. Hiyo stori nawasimulia vijana wote wanaonijia na kamera.

Kwa hiyo nenda Busia na laptopu kabla hujafunga kazi. Mzee na mjukuu wakae mbele, wewe kaa pembeni uwaangalie wao sio skrini. Wakicheka mahali hukutegemea, andika. Mzee akikuambia "hapo nilikosea, mke wangu hakufa mwaka huo", badilisha. Akikuambia "hapo ninaonekana mzee sana", mnaongea.

Hatua ya 10: itaonekana wapi

Matamasha yapo: ZIFF Zanzibar tangu 1998, Uganda Film Festival ya UCC, tume ya mawasiliano, tangu 2013, Amakula ya Kampala iliyoanza 2004, Encounters Afrika Kusini, na ukijiamini IDFA Amsterdam. Soma masharti kuhusu onyesho la kwanza, ukishaiweka YouTube baadhi wanakufungia mlango. Kwa hela ya filamu inayofuata angalia DocuBox ya Nairobi, wao wanashika dokumentari za Afrika Mashariki, na Maisha, ile shule aliyoianzisha Mira Nair hapa Kampala, imefundisha wengi. Na ujue urefu wa njia: filamu ya Moses Bwayo na Christopher Sharp kuhusu Bobi Wine, mwanamuziki aliyegeuka mwanasiasa wa upinzani, ilichukua miaka, Bwayo alikamatwa na kupigwa risasi ya mpira usoni akiwa kazini, 2024 ikafika kushindania Oscar. Simu ama kamera kubwa, ukishuti siasa hapa jipange kwa hayo.

Ila onyesho la kwanza mi ningelifanya kwenye kibanda pale pale Busia, kabla ya mechi, siku ambayo mwenye kibanda hana watu. Ongea naye apunguze bei, mpe VJ wake nafasi ya kuiongelea juu hata kama unaumia, na nenda mchana ujaribu spika mapema kwa sababu lazima moja itakuwa imetoboka.